Nukta Nyekundu Chini ya Jina

4 Februari

Kaka yangu,

Naomba Mungu kifua kiwe kimetulia, na zile ngazi za ghorofa ya nne uwe bado unazipanda bila kusimama katikati ukijifanya unatazama dirishani. Nakujua. Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linauma kabla ya mvua, kwa hiyo majirani wakitaka kuanika nguo huja kwanza kuniuliza. Chumba cha mbele cha karakana nimempangisha bwana mmoja wa kuchapa stika. Mashine yake inatoa bango zima kabla sijamaliza kuosha vyombo. Baba angekuwa hai angeipiga teke, halafu angerudi kimyakimya kuichungulia inavyofanya kazi.

Sasa lililonifanya niketi na kalamu. Mwanangu amepata kazi. Tangu stika ziingie mjini hakuna anayetaka bango la mkono, unajua. Brashi (siku hizi hata mimi namwita hivyo, jina la utani limelishinda la kuzaliwa) alikuwa anapaka kuta za watu rangi ya maziwa na kurudi nyumbani bila neno. Mwezi wa kumi na moja akaja wakala, akamchukua. Anaandika majina kwenye meli. Herufi ndefu kama mlango, anasema, na anajisifu mpaka anachosha. Meli ya mwisho aliyonitajia inaitwa Orvela. Tangu hapo hajapiga simu.

Uliwahi kuniandikia kwamba tangu ustaafu unashinda na watu wanaotazama meli kwenye kompyuta. Nilicheka wakati ule, nikasema mzee kakosa wajukuu. Sasa sicheki. Nitazamie Orvela iko wapi. Nijue tu mtoto yuko upande gani wa dunia, basi.

Usipige simu. Tangu uondoke, simu yako ikiingia hapa mtaani kuna watu wanajua kabla yangu. Na mimi kwenye simu nalia tu. Kwenye karatasi naweza kusema.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, lakini wino wako ni mkaidi kama wewe, umesomeka wote. Kifua kipo palepale, tumezoeana. Ngazi nazipanda, na dirisha la ghorofa ya pili lina mandhari nzuri sana, asante kwa kuuliza. Mwenye nyumba amepaka korido rangi ya kijivu na namba za milango akaziandika mwenyewe. Saba yake imeegemea ukuta kama mlevi. Kila nikipita natamani kuomba brashi. Tangu nifike nchi hii nimepewa ufagio, nimepewa mifuko ya barua ya kupanga, nimepewa ufunguo wa ghala. Brashi sijapewa.

Kwa kuwa umeacha kucheka, nikueleze vizuri. Tupo watatu, na tunakutana katika chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu, kunanuka gundi mchana kutwa. Kuna Rubani, mama aliyekuwa akiongoza meli kubwa kuingia bandarini mpaka macho yalipoanza ukungu. Kuna Mhasibu, aliyekuwa kampuni ya bima. Na mimi. Kuna meli zimewekewa vikwazo, hazitakiwi kubeba mafuta ya watu fulani, na zinayabeba. Sisi hatuibi siri ya mtu. Kila meli kubwa ina redio inayotangaza jina lake na mahali ilipo, na yeyote mwenye mtandao anaweza kusoma. Picha za setilaiti zipo. Usajili wa meli uko wazi. Na kuna watu, wengi wao wastaafu kama mimi, wanaokaa ufukweni na kwenye madaraja wakipiga picha meli zinazopita, kwa raha zao tu, kisha wanaziweka hadharani. Sisi tunalinganisha. Redio ikidanganya, picha inasema.

Orvela nimeitafuta. Ipo. Redio yake inasema imetia nanga na bahari ni shwari. Usihangaike.

Nina maswali mawili. Brashi analala kwenye meli hiyo, au anapelekwa na kurudishwa? Na je, bado anaweka nukta?

Kaka yako


20 Aprili

Kaka,

Tumeipata barua, tumeisoma kwa sauti, tumecheka ile saba. Bwana wa stika anasema akuuzie namba za kubandika. Nimemwambia ukisikia utavunja undugu wa miaka yote.

Brashi amepiga simu, mzima. Halali melini. Anakaa bweni la wafanyakazi, asubuhi boti inawachukua yeye na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, inawapeleka mahali meli zinakotia nanga, mbali na bandari. Fundi anakwangua jina la zamani, Brashi anaandika jipya. Leo hii, kesho nyingine. Jina lenyewe wakala analitoa mfukoni siku ileile, kwenye kipande cha karatasi, akisharidhika anakichana. Nikamwuliza, meli inabadilishwa jina kila mara kwa nini? Akaniambia, "Mama, meli zinauzwa kama baiskeli. Kila aliyenunua anataka kengele yake." Nikaona sawa.

Umeuliza kama anaweka nukta. Swali gani hilo? Baba hakuruhusu bango litoke karakana bila nukta nyekundu chini ya herufi ya mwisho, ili mtu akipenda maandishi ajue pa kuja kuuliza. Wewe mwenyewe ulimfundisha Brashi hivyo kabla hujaondoka, amesimama juu ya kreti ya soda ulimi nje. Hawezi kuiacha kama asivyoweza kuacha kupumua. Kwenye meli anasema anaiweka kubwa kama sahani, vinginevyo inamezwa na chuma.

Kwa nini unauliza kama askari? Nilikuuliza mtoto yuko wapi, wewe unaniuliza anafanyaje kazi.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Nimefurahi kwamba amepiga simu. Huku kumepata joto kidogo, madirisha yamefunguliwa na sasa nawajua majirani kwa kikohozi chao. Rubani amepangiwa upasuaji wa jicho. Anasema daktari akimharibu atampeleka baharini akamwache.

Nilikuandikia kwamba Orvela ipo. Kilichokuwapo ni redio yake. Namba inayotangaza ni ya meli iliyokwisha kukatwa vipande na kuuzwa chuma chakavu. Na pale inaposema imetia nanga, picha ya setilaiti ya siku hiyo inaonyesha maji matupu. Nilijua hivyo nilipokuandikia. Sikutaka ukose usingizi.

Siku moja Rubani aliweka picha tano mezani, meli tano, kila moja kwa nyuma, mahali jina linapoandikwa. Sisi tuna desturi: kila mtu anatazama peke yake, anaandika alichoona, ndipo tunazungumza, ili mmoja asimtie mwenzake macho yake. Niliutambua mkono wa Brashi kabla sijafika kwenye nukta. Ile R inanyoosha mguu kama mtu aliyekaa kwenye mkeka. Ile O imenenepa chini, kama Baba alivyotaka, ili neno lisionekane linaanguka.

Rubani akasema, "Mzee, wewe una macho. Hiki chekundu hapa chini ni nini?"

"Kutu."

"Kutu meli tano, mahali palepale?"

"Kutu haina adabu, mama."

Akacheka. Mhasibu hakucheka. Na kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeandika hivyohivyo: kutu.

Mdogo wangu, meli hizo hazijauzwa kama baiskeli. Zinabadilishwa uso zisitambulike. Ni kuukuu, mabati yamekuwa membamba, hakuna kampuni ya bima inayokubali kuzigusa. Moja ikiwaka moto hakuna mwenyewe atakayejitokeza, wala hakuna atakayetafuta waliokuwa juu yake. Mwambie ashuke. Na mpaka ashuke, aache nukta. Duniani kote mtu anayeghushi huficha mkono wake. Wa kwetu peke yake ndiye anayeweka sahihi.

Kaka yako


2 Julai

Kaka,

Salamu zako zimefika. Goti vilevile.

Brashi alikuja kwa siku mbili, nikamwambia yote. Kwanza alicheka: "Mjomba bado ananisahihisha kazi kutoka huko aliko?" Halafu akala kidogo. Akasema anajua. Si tangu mwanzo, lakini anajua. Nikamwambia basi usirudi. Akasema hati yake ya kusafiria na kitabu chake cha ubaharia viko kwa wakala mpaka mkataba uishe Desemba, na waliojaribu kuondoka mapema hawakuondoka vizuri. Hakutaka kueleza, na mimi sikumlazimisha.

Nukta ameacha. Siku chache baada ya kurudi kazini alinitumia picha kwenye simu: jina limeandikwa, chini yake hakuna kitu. Alionyesha kama mtoto anayeonyesha pengo. Nilitaka kufurahi.

Sasa nisikilize. Najua ninyi watu mnaandika mnachokiona, mnakitangaza. Mkitangaza, nani atakamatwa? Mwenye meli hana uso. Wakala ana majina kama meli zake. Mwanangu ana uso, ana mtaa, ana mama. Wazuie wenzako mpaka Desemba. Ulipoandika yale maneno ya kuwapinga wakubwa ukutani ukaondoka na mkoba mmoja, sisi ndio tuliobaki na ukuta. Mama alisugua, mimi nilishika ndoo, na watu walisimama kututazama. Sijawahi kukuambia. Nimekuambia.

Usiniandikie tena habari za meli.

Mdogo wako


9 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini mvua zimepungua na goti limepata likizo. Rubani amefanyiwa upasuaji na sasa anaona mpaka vumbi kwenye viatu vyangu, kila siku ananisema. Mwenye nyumba amegundua kwamba saba imeinama. Ameifuta na kuandika nyingine, nayo imeinama upande wa pili.

Habari ya ukuta na ndoo nimeisoma.

Nimefanya ulivyotaka. Ripoti ilikuwa tayari tangu mwanzo wa Julai, pamoja na mahali hasa meli hizo zinakobadilishiwa majina. Mhasibu alitaka itoke. Nikasema ushahidi haujatosha, nikapata kasoro hapa na pale, nikaomba tungoje. Wananiamini, kwa hiyo wamengoja. Sitaligusa tena jambo hili.

Kula vizuri.

Kaka yako


14 Agosti

Kaka,

Sina hata habari ya kukupa ya nyumbani, sijui mvua imenyesha au haijanyesha.

Yule fundi wa kuchomelea amerudi. Amekuja nyumbani, amekaa ukingoni mwa kiti, hakutaka maji. Anasema tarehe sita walikuwa kwenye meli kubwa ya mafuta, Brashi ananing'inia nyuma kwenye ubao wake wa kamba, yuko katikati ya jina. Wakala akapata habari kwamba boti ya doria inakuja. Akapiga kelele kila mtu arukie boti ndogo. Fundi akaruka. Mashine za meli zikawashwa. Brashi alikuwa bado nyuma, na nyuma hakuonekani kutoka kwenye boti. Meli ikaondoka.

Nikamwuliza, "Walimpandisha?"

Akasema, "Mama, lazima walimpandisha."

"Uliona?"

"Mama, hawawezi kumwacha mtu kwenye kamba."

"Nimekuuliza uliona."

Akaanza kulia, mtu mzima na mikono yake ile yenye makovu ya moto. Jina lililokuwa linaandikwa halijui. Hajui kusoma, na karatasi alikuwa nayo Brashi. Simu ya Brashi haiiti. Wakala anasema hamjui mtu huyo.

Kaka, yale niliyokuandikia Julai yafute. Tangaza. Sema kila kitu, sema nukta, sema mkono ni wa nani, nitafutie mtoto. Simu bado siiamini; barua hii naipeleka kwa wanaosafirisha vifurushi, wamesema itafika haraka. Sijui haraka yao ni ipi.

Mdogo wako


7 Septemba

Mdogo wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako imenifikia jana. Yangu ya tarehe tisa nadhani unayo. Nisamehe kwa kila salamu iliyomo.

Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwetu. Sikukaa. Nikawaambia, "Ile haikuwa kutu," nikaeleza karakana, Baba, nukta, Brashi, barua yako ya Julai na kasoro nilizozibuni. Mhasibu alivua miwani akaifuta muda mrefu. Rubani akasema, "Uliniacha nidhani macho yangu ndiyo yaliyokuwa mabovu." Halafu akasema, "Vuta kiti." Mpaka leo hawajanisema zaidi ya hapo, na ningependa wangenisema.

Ripoti imetoka leo asubuhi, yote. Mahali pa kutia nanga, wakala, meli tano, na kwamba kuna mtu hajulikani alipo. Tumewaandikia wakuu wa bandari zote meli hiyo inakoweza kwenda.

Lakini nikuambie kweli, sitarudia kosa la Machi. Meli iliyoondoka tarehe sita ilizima redio. Tunajua umbo lake, hatujui jina lake. Zipo nyingi za umbo hilo. Angekuwa bado anaweka nukta ningeikuta kwa siku moja. Mimi nilimwambia aifute, naye kwa mara ya kwanza maishani akanisikiliza.

Kwa hiyo inabaki mkono wake tu, na herufi chache za meli tano hazitoshi kuujua vizuri mkono wake wa miaka hii. Nilimwacha mtoto, sasa ni mtu mzima. Kila bango aliloandika hapo mtaani, lipige picha. Karibu, mchana, bila kivuli. Mtume mtu kama goti linakuzuia.

Kaka yako


1 Oktoba

Kaka,

Nakusalimu. Sikumtuma mtu.

Nimekwenda mwenyewe, na simu ya bwana wa stika kwa sababu yake inaona vizuri. Naye amekuja nyuma yangu amebeba ngazi, hakuniuliza kitu. Tumeanza na kinyozi. Nilidhani Brashi ameacha mabango machache, kumbe sikuwa natazama. Duka la dawa. Lango la shule, maneno yote ya mbele. Gereji. Kuna mlango wa mshona nguo ameandika tu "Vuta", na nukta yake chini, nikacheka hapo barabarani peke yangu mpaka mshona nguo akatoka.

"Mama Brashi, kuna nini?"

"Napiga picha."

"Unauza?"

"Namtafuta mwenyewe."

Akaingia ndani akatoa kitambaa, akaufuta mlango vumbi ili picha itoke safi. Baada ya hapo habari ilitutangulia. Tukifika mahali tunakuta bango limeshapanguswa. Mwenye gereji ameshusha la kwake ukutani kabisa akaliweka chini ili nisipande.

Zote nimezichapa, ziko ndani ya bahasha hii, na nyingine bwana wa stika ameziingiza kwenye mtandao kwa anwani uliyoandika kwenye ripoti.

Jambo la pili. Amekuja mtu wa wakala. Safari hii wanamjua Brashi. Anasema yuko salama, atarudi mwisho wa mwaka kama familia itatulia na kusema ripoti ile ni uongo. Nikamwambia aniletee sauti yake, neno moja tu. Akasema haiwezekani, meli iko mbali. Nikamwambia basi na mimi utulivu wangu uko mbali. Akaangalia picha za familia ukutani mojamoja, akatoka.

Usiniambie ingekuwaje kama ingetoka Julai. Najua kuhesabu.

Mdogo wako


19 Novemba

Mdogo wangu,

Keti. Mwite mshona nguo au bwana wa stika akae nawe, kisha endelea.

Picha zako zilijaza meza. Tulifanya kama desturi yetu, kila mtu peke yake. Wenzangu wawili walijifunza mkono wa Brashi kwa kutazama kinyozi na lango la shule, wakaujua. Rubani ndiye aliyeipata, kwa jicho lake jipya. Mwalimu mmoja mstaafu anayekaa kwenye daraja, katika mlango wa bahari wa mbali sana na hapo, alipiga picha meli tarehe ishirini na mbili Agosti. Meli inaitwa Tamerina. Rubani akaniita: "Mzee, njoo. Hapa mkono umebadilika."

T, A, M, E na R ni za Brashi. R imenyoosha mguu. Herufi tatu za mwisho si zake. Zimepakwa kwa rola, zimekaa chini ya mstari, rangi imechuruzika. Hata mwenye nyumba wangu angeandika vizuri zaidi. Sote tulielewa kwamba mtu aliyeanza jina lile hakuwapo lilipomalizwa.

Tuliipeleka picha hiyo bandarini ilikokuwa inaelekea. Meli imezuiwa, mabaharia wamehojiwa mmojammoja. Mpishi amesema. Mashine zilipowashwa hakuna aliyeuliza kama nyuma kuna mtu. Ubao ulikuwa juu ya rafadha, lile panga linalosukuma meli. Mpishi alikuwa anamwaga maji machafu, akasikia sauti, akaona kamba imelegea. Alikimbia kwa nahodha. Nahodha akamwambia hakuna mtu nyuma, kwa sababu kwenye orodha ya mabaharia hakuna mchoraji. Hawakugeuza. Kesho yake wakamteremsha baharia mwingine amalizie, kwa kuwa jina nusu linavuta macho.

Amekufa, mdogo wangu. Tarehe sita Agosti, kabla ya saa sita mchana. Nimeandika neno hilo mara nyingi kwenye karatasi nyingine nikazitupa, nikitafuta lililo laini. Halipo.

Wanasheria wa mwenye meli, kwa maana sasa amepatikana wa kuwalipa wanasheria ingawa yeye mwenyewe bado hana uso, wanasema hakuna aliyeanguka, kwa sababu siku hiyo Tamerina ilikuwa bahari nyingine kabisa, na redio inathibitisha. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Tunayo picha ya setilaiti ya asubuhi hiyo. Mhasibu amepima urefu wa meli na umbo la sitaha, Rubani amepima kivuli, na mimi nimekatazwa kupima chochote kwa sababu ni ndugu, na wamefanya sawa. Meli ilikuwa pale. Mahali penyewe panajulikana kwa usahihi ambao haunisaidii kulala.

Mahakama ya huko inataka mlalamikaji, ndugu wa damu, kwa jina lake kamili, litakalosomwa hadharani. Kila mtu ataliona, pamoja na mtu wa wakala anayeijua nyumba yako. Nimewaambia naweza kuwa mimi. Ni mjomba, niko mbali, hawana wa kumtuma kunipandia ngazi hizi. Nafikiri ndivyo iwe. Fikiri kwanza, usijibu kwa hasira.

Sikuweza kuja kuzika wazazi wetu. Sasa hakuna hata wa kuzikwa.

Kaka yako


15 Desemba

Kaka,

Nimekaa siku nyingi na barua yako. Mshona nguo alikuwa ameshika mkono wangu niliposoma, na bado ananiletea chakula, nakula kwa heshima yake.

Nimefikiri kama ulivyotaka, na sina hasira, ama ninayo lakini imekaa chini, haisukumi kalamu. Wewe usiwe mlalamikaji. Ukisimama wewe watasema ni mzee aliyekimbia kwao, ana chuki zake za zamani, na alishawahi kuficha ushahidi. Watakuwa wamesema kweli, na kwa kweli hiyo watampoteza mwanangu mara ya pili. Usiandike "familia" pia. Familia ni neno la watu kujificha wakiwa wengi. Andika mama yake. Jina langu lote, kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na mtaa, na nyumba. Cheti kimo ndani ya bahasha. Nimekichukua mwenyewe ofisini, nimepanga foleni, goti limesimama.

Kama watataka nije niseme kwa mdomo, nitakuja. Sijawahi kupanda ndege. Utanieleza.

Mtu wa wakala amekuja tena asubuhi hii, amenikuta mezani naandika. Hakukaribishwa, akaketi. Akauliza, "Mama, unamwandikia nani?"

Nikaigeuza karatasi ikamtazama yeye, nikamsogezea na miwani yangu.

"Soma," nikamwambia. "Ukikuta kosa, nionyeshe."

Anasoma sasa hivi. Namngoja amalize, nitie sahihi.